Jumatatu ya Yeong-sil

Sheria haikufutwa. Imesogezwa tu,
kama mtu anavyosogeza kiti
ili mwingine apite.

Katika baraza la mji wa Gumi walipiga hesabu:
Jumapili wateja ni tele, Jumatatu ni haba;
siku ni siku, na mwili haujui kalenda.
Mzee Pyo wa chama cha wafanyakazi akauliza,
"Na mtoto, naye haijui?"
Kicheko kidogo. Mikono ikanyooshwa.

Sasa duka kuu linafungwa Jumatatu.
Yeong-sil anaamka bila kengele,
vifundo vya miguu bado vimevimba.
Mume yuko kiwandani, anachomelea vyuma.
Ha-ram yuko shuleni, darasa la pili.
Anapumzika basi, kama ilivyoandikwa:
anafua, anakunja, anachemsha supu ya mwani,
anainywa amesimama,
maana kukaa mezani peke yake
kunamtia haya asiyoielewa.

Jumapili jioni, mbele ya mashine yake,
familia inapanga nyama, machungwa, maputo.
Kitoto chao kinamwonyesha pengo.
"Limeng'oka lini?"
"Leo! Baba kalivuta kwa uzi!"
Tii, inalia mashine. Tii.

La Ha-ram nalo linacheza tangu Alhamisi.
Anahesabu kwa vidole vilivyokaushwa na risiti:
Ijumaa, Jumamosi, leo.

Ee jino, vumilia.
Ngoja kesho.
Si asubuhi, asubuhi hakuna mtu;
kesho saa tisa na nusu,
lango la shule likifunguliwa.