Ubavu wa Tairi

Baba hakwenda shule. Alisoma tairi.
Hapa Barabara ya Kirinyaga, ambayo yeye hadi leo
huiita Grogani, alipiga goti kwenye mafuta meusi,
akapangusa vumbi kwa kiganja,
kidole kikatembea ubavuni polepole:
mia mbili sitini na tano, mkwaju, sitini na tano,
R, kumi na saba.

"Upana," akasema. "Halafu kimo.
Lakini kimo si milimita, Mutheu, usikurupuke.
Ni fungu la upana: sitini na tano katika kila mia.
Na R si ringi, wengi hukosea hapo,
ni namna nyuzi zilivyolazwa, ukingo hadi ukingo."
Nilikuwa darasa la tano. Nikapiga hesabu kwa chaki
juu ya mpira wenyewe:
mia moja sabini na mbili na robo.
Mwalimu wangu pale Pumwani alidhani nimeibia.

Sasa duka ni langu, na deni la duka pia.

Jumanne akaja Nyamweya,
pikapu yake imeinama nyuma kama kuku anayetaka kutaga.
Hubeba mawe ya Ndarugo hadi Ruai, wanakojenga.
Alibingirisha matairi mawili ya mtumba kutoka kwa jirani.
"Rimu kumi na tano, tairi kumi na tano. Nifungie."
"Yataingia," nikasema. "Kuingia si kubeba."
"Dada, usinifunge kamba. Tairi ni tairi."

Nikamwonyesha tarakimu ndogo,
zile ambazo hakuna anayeziinamia:
tisini na moja.
"Kilo tisini na moja?" Akacheka. "Hata mimi nazidi!"
Si kilo. Ni jina la kilo.
Tazama jedwali pale ukutani, chini ya kalenda:
tisini na moja ni mia sita na kumi na tano,
kwa tairi moja, upepo ukiwa kamili.
Yako ya zamani, yaliyokwisha meno,
yaliandikwa mia moja na sita:
mia tisa na hamsini. Piga mwenyewe.

Akapiga. Midomo ilicheza bila sauti.
Nyuma pekee, upungufu wa kilo mia sita sabini.
"Mawe kumi na tisa," akasema,
maana mawe ndiyo lugha yake.

Na mwaka huu hapa, nikamwambia,
thelathini na moja, kumi na nne:
wiki ya thelathini na moja. Lilizaliwa mwezi nilioolewa.
Ndoa yenyewe ilishapasuka.

Akayachukua hata hivyo. Mfuko nao una kipimo chake.

Usiku nilimgeuza Baba kitandani.
Kabla ya tairi alikuwa hamali kwenye maghala ya reli,
gunia la kilo tisini, na siku za haraka
mawili, moja juu ya jingine.
Siku hizi hulalia ubavu wa kushoto tu,
wa kulia umekataa.
Nimempangusa jasho huko kwa kitambaa cha uvuguvugu,
nimetazama chini ya taa.
Hakuna aliyemwandikia kitu.

Ijumaa pikapu ikarudi, tupu,
utepe wa mpira umejisokota kwenye ekseli.
Hakusema ilikuwaje. Sikuuliza.
"Ya mia moja na sita," akasema. "Mawili.
Ya mbele mwezi ujao."
Nikaandika daftarini, nikakaza nati,
naye akachutama akisoma, tarakimu moja moja,
hadi akagota.
"Na hii herufi ya mwisho?"
"Mwendo wa juu kabisa. Kilomita mia moja sabini kwa saa."

Tukainua macho barabarani. Saa kumi na moja jioni.
Hakuna kilichosogea.