Shilingi Sita, Bado

Hapa Jinja bahari hatuna. Tuna ziwa,
na ziwa nalo lina mtaa wake wa kujivunia:
nyumba kumi na moja zimeipa barabara mgongo,
nyuso zimeelekea maji, kama wageni
waliokuja kutazama tu, wakasahau kuondoka.

Nimepewa ya nne. Vigae vyekundu vya Mangalori,
baraza la nguzo sita, mbili zimevimba unyevu,
madirisha ya mbao za mshazari, bawaba za shaba,
na juu, kwenye paji la nyumba, maua ya saruji
na herufi nene kama mikate:
VELJI 1931.

Bi Namukose, mwenye nyumba wa sasa, ameagiza:
"Futa. Paka krimu. Wapangaji hawataki jina la mtu
juu ya vichwa vyao."
Krimu, si nyeupe. Nyeupe
usubi wa ziwa huimaliza usiku mmoja.

Nikakwangua. Chini ya krimu, kijani
cha miaka ile askari walilala sebuleni;
chini yake buluu, chini yake waridi,
chini kabisa chokaa, vumbi lake
likanikaa kooni hadi saa ya chai.
Herufi ya V iling'oka nzima.
Nikaitia kwenye ndoo, sijui kwa nini.

Kisha nikazunguka nyuma ya paji,
ambako hapana atazamaye ila korongo wa jalalani.
Pale, katika saruji iliyokuwa mbichi siku hiyo,
mtu alichora kwa ncha ya mwiko:
TENYWA. SH 6 BADO.

S imegeuka kinyume.
Pembeni, gumba limezama kama muhuri wa benki.
Nikaingiza langu. Likapwaya kidogo.

Wana wa Velji walipewa siku tisini.
Tenywa anangoja mwaka wa tisini na ngapi huu?
Sikujua nicheke au nishuke.

Jioni Bi Namukose alisimama chini ya ngazi.
"Umemaliza?"
"Mbele, ndiyo."
"Na nyuma?"
"Nyuma hapaonekani, mama."
Akanihesabia nusu ya ujira.
Nusu ya pili, alisema, Ijumaa. Au ile nyingine.

Nikapanda tena, kama aliyesahau brashi.
Nimekoroga saruji kidogo, kiganja kimoja tu.
Ingali mbichi.