Chekeche la Mama

Chekeche hili lilikuwa la unga.
Mama alilinunua soko la Kadutu
mwaka ule mteremko ulipoibeba nyumba ya kina Nankafu,
na bado pembezoni mwa waya kuna weupe wa muhogo.
Nimeliazima bila kuomba.

Nimesimama pale Kawa inapoingia ziwani,
mguu mmoja mtoni, mmoja Kivu,
na mpaka wenyewe naujua kwa baridi tu.
Nachota tope. Nasuuza.
Kifuniko cha chupa, uzi wa wigi, kokwa la parachichi.
Nasuuza tena, polepole,
kama anayetafuta jino la mtoto majivuni.

Hapo wanatokea:
vibuu wekundu, wembamba kuliko njiti ya kiberiti,
wanajikunja na kujikunjua
kama herufi zisizopata neno.
Mia mbili na kumi na saba. Nimehesabu mara mbili.
Konokono, hakuna.
Yule mdogo wa mikia mitatu,
asiyekaa ila penye maji ya kunyweka,
hakuna.

Byamungu, muosha pikipiki,
anainama juu ya sahani yangu nyeupe.
“Mbona uhai umejaa!”
Umejaa, namwambia, ndiyo shida yenyewe.
Hawa wana damu nyekundu kama yetu,
hubana pumzi pale wenzao walipokata roho.
Mtaa ukibaki na waliozoea kila kitu,
utasema umechangamka?

Anacheka. Anarudi kwenye pikipiki yake,
na povu la sabuni linapita kati ya miguu yangu
lina rangi zote za upinde.
Simlaumu. Ana watoto wanne na ndoo moja.

Maabarani Bi Zihalirwa hutuambia
tusiyaamini sana maji:
asubuhi yanasema hivi, jioni yameshateremka na Ruzizi,
nani atayashika kauli?
Tope halina pa kwenda.
Linameza mafuta, dawa, maji ya choo, mvua ya Desemba,
na hawa waishio ndani yake
ndio kumbukumbu yake inayotembea.

Jumanne iliyopita, kule Birava,
nilipata konokono mmoja, hai,
mkubwa kama punje ya maharage.
Nilimwandika daftarini, nikamrudisha,
nikabaki nimeinama muda mrefu
pale maji yalipofunga.

Sasa giza linaingia, na nyumbani wanangoja bugali.
Nitaliosha chekeche kwa maji ya bomba, yakiwepo,
kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ileile.
Mama hajui jina la kibuu hata kimoja.
Atalileta puani mara moja tu,
atanitazama:
“Hili limetoka Kawa.”

Kisha atanituma kwa jirani kuomba jingine,
nami njiani nitakuwa nawaza
kama la jirani lina matundu madogo zaidi.