Kalamu ya Kupanga

Mvua ya kwanza ya Desemba iliingia karakana
ikafuta geti la watu wa Kilimani.
Geti zima, na maua yake na mishale yake,
nililolichora kwa chaki sakafuni usiku kucha,
likawa maziwa yanayotafuta mfereji.
Chedego akashika ufagio: "Bosi, nalo nilifagie?"

Mteja alikwisha sema, "Fundi, nitumie mchoro kwenye simu."
Wageni wa makao makuu hawataki chaki.
Wanataka kuliona geti limesimama
kabla bomba halijakatwa, walikuze, walipunguze,
wamwonyeshe mke aliyebaki Moshi.

Basi nikaanza kutafuta kalamu ya kompyuta.

Ya kwanza ndiyo ile ya maofisi makubwa.
Kijana wa duka la Uhindini aliisifu hadi ikanukia:
inachora ghorofa, inachora daraja,
inachora mtambo wa kusafisha mafuta.
Bei yake ya mwaka, nilipoigeuza kuwa shilingi,
ilikuwa mageti manne na dirisha la choo.
"Na mwaka ukiisha?"
"Unalipa tena."
"Nisipolipa?"
"Inajifunga."
"Na michoro yangu?"
Akatazama kalenda ukutani.

Mimi ni mpangaji, ndugu yangu.
Miaka kumi na mmoja Chang'ombe, chumba na ukumbi,
namjua mwenye nyumba kwa kikohozi chake cha tarehe mosi.
Kupanga paa nimezoea.
Kupanga mstari,
mstari nilioutoa kichwani mwangu mwenyewe,
hapo nilishindwa kumeza.

Ya pili ilikuja ndani ya flashi,
bei ya soda mbili.
"Ni ile ile," alisema Mbeleje wa stesheni,
"ila imevunjwa kufuli."
Kaniambia mimi, ninayeishi kwa kuuza komeo!
Nikaichomeka hata hivyo, nisiseme uongo.
Siku ya tatu picha za harusi ya mdogo wangu
ziligeuka herufi zisizosomeka,
na daftari la madeni likaenda nazo.
Kuna watu Nkuhungu hadi leo
wanaviombea heri virusi vile.

Sechelela, binti wa dada yangu, aliyesoma VETA,
ndiye wa kwanza kuniuliza:
"Mjomba, kwani wewe unachora nini hasa?"
Nikahesabu. Mageti. Madirisha. Vitanda vya hosteli.
Vichanja vya zabibu vya mama mmoja wa Hombolo.
"Sasa lori la tani kumi la nini,
na mzigo wenyewe fungu la mlenda?"

Akaniwekea ya bure,
iliyotengenezwa na watu wasionijua,
wanaoirekebisha usiku, kila mtu kwao,
kama majirani wanaochimba kisima kisicho na mlango.
Bure nayo ina bei yake.
Kompyuta ya mtumba inahema
kama mbuzi wa Kongwa jua la saa saba.
Vitufe vinasema Kizungu; nimeviandika kwenye kipande cha boksi:
hiki kinakata, hiki kinapindua, hiki usiguse kamwe.
Wiki tatu nilichora mstatili mmoja,
na wenyewe ulikuwa umeinama.
Umeme ulikatika mara mbili kabla sijajifunza kuhifadhi.
Mke wangu akauliza
mshahara wa kukodoa macho unalipwa lini.

Lakini juzi, geti la Kilimani:
nililizungusha kwenye kioo nilione mgongo,
nikakuta bawaba ziko upande wa mtaro.
Lingefunguka futi mbili, likabusu ukuta wa jirani.
Nikalihamisha kwa kidole.
Kosa halikula bomba,
halikula hata fimbo moja ya kuchomelea;
lilikula umeme wa shilingi mia, labda.
Mteja akajibu: "Sawa. Ila mishale ipunguze."

Chaki bado ninayo, mfuko wa shati.
Chedego haamini kioo.
Kabla ya kukata hunijia na futi yake,
anataka nimchoree sakafuni, ukubwa wa kweli,
ajilaze kando yake, apime kwa mwili.
Namchorea.