Mkono wa Nyuzi za Fedha

Kijana Seweryn amenivika mkono wa fulana isiyo na mwili,
wa kijivu, uliofumwa kwa nyuzi za fedha
nyembamba kama nywele za mtoto mchanga.
"Inua, Bi Bogumiła."
Nainua. Kwenye skrini mstari unapanda
kama paka mzee ngazini. Unasita. Unashuka.

"Kiwiko kinadanganya," asema. "Bega ndilo linalofanya kazi."

Miaka thelathini na mmoja nilisimamia mitambo hapa Łódź,
vumbi la pamba kooni, masikio yamezibwa na kelele;
nguo haikunidanganya, wala mimi sikuidanganya.
Sasa kiharusi kimenigawa nusu kwa nusu,
na nguo ndiyo inayonichongea!

Napapasa kwa mkono mzima, wa kushoto.
Hapa, chini ya kiwiko: kitanzi kimoja kimefumuka.
"Mwanangu, si mimi. Ni uzi wako."

Anainama. Anaona. Masikio yanamwiva.

Kesho ataleta mwingine.
Huu ameniachia, na sindano, nikirudishe kitanzi
kwa vidole hivi vilivyolala tangu Februari.

Usiku, kidole gumba kimetikisika.
Hakuna mstari uliokiona.