Sinia Kwenye Buti

Niliingia dukani kwao, Shimanzi, saa tatu na robo,
sinia langu kwapani limefungwa kwa leso,
bawabu akanitazama kama niliyepotea njia ya arusini.

Mwakio, kijana wa mauzo, tai imemkaza kuliko joto la Machi,
akanivutia kiti, akanipa maji baridi, akanipa karatasi:
"Gari ni bei hii, mama. Hivi vingine ni hiari."
Hiari! Neno jepesi,
na mbele ya kila hiari pana kisanduku kitupu
na nambari yenye mkia wa sifuri.

Kizuri chajiuza, nilifunzwa.
Mbona hiki kina msemaji?

Viti vya kupashwa joto, akasoma.
Nikamwuliza: hapa? Mombasa hii,
ambapo kivuli nacho hutafuta kivuli?
Akacheka, akapiga mstari.
Taa za ukungu.
Ukungu niujuao mimi ni wa sufuria ikifunuliwa.
Akapiga mstari wa pili, sasa bila kuombwa.

Paa la kioo. Hapo nikasita,
maana kaka yangu Twalib alinisihi kwa simu jana usiku:
"Dada, chukua la kioo, bwana arusi asimame,
atokeze kichwa, mji umuone."
Twalib hajachangia hata kofia ya tairi.
Na jua je? Jua halilipi nauli,
lingekaa na mimi mbele kila siku.

Binti yangu Nasra ataka skrini ya kugusa, pana kama mkeka.
Mikono yangu ina unga toka alfajiri, mwanangu.
Nipe kitufe. Kitufe huvumilia unga.

"Basi viti vya ngozi," asema Mwakio, "rangi ya maziwa."
Maziwa, pamoja na shira ya kaimati zangu?
Miaka kumi na minne napeleka vyakula vya arusi
kwa magari ya kukodi,
najua shira hufanya nini penye tuta.

"Nieleze ya chini," nikasema.
"Chini wapi?"
"Tumboni mwa gari. Nina wateja ng'ambo, Likoni.
Pale penye mteremko wa feri maji ya chumvi hulamba chuma
polepole, kama mgeni amalizaye sukari ya mwenyeji
kijiko kwa kijiko, huku akisifu chai."
Akafunua ukurasa wa mwisho, herufi za sisimizi:
kinga ya kutu. Hawakuipigia hata picha.
Weka alama hapo. Kandamiza kalamu.

Kisha nikafungua leso.
Sinia likang'aa mle ndani, magari yote yakajiona humo.
"Fungua buti."
Likakwama. Vidole viwili tu.
Mwakio akakuna kisogo. "Viko viti vya nyuma vinavyolala, mama,
ila huja kwa kifurushi:
viti, mapazia, na kichupa cha harufu ya waridi."
Ukipenda boga, nikawaza, lipia na ua lake.
Tulivutana juu ya ua hilo hadi adhuhuri,
meneja akaitwa, meneja akaondoka, akaitwa tena,
mapazia yakafutwa, waridi likabaki la bure.
Viti vikalala.
Sinia likateleza ndani bila kugusa ukingo.

Nilikwisha shika kalamu ya sahihi
nilipokiona, kisanduku pembeni kabisa mwa karatasi:
taa ya chini ya mlango. Ukifungua, humwaga nuru miguuni.
Elfu nane. Haina kazi.

Mama alikuwa akitoka kabla ya adhana, Kibokoni,
sufuria ya mbaazi mikononi,
akipapasa ndara zake gizani kwa kidole gumba cha mguu
asije akatuamsha.
Moja ilikuwa haipatikani kamwe.

"Na hii ya nini, mama?" Mwakio akauliza,
tayari ameinua rula apige mstari.
Nikatia alama mwenyewe.
"Iache," nikamwambia. "Si umesema ni hiari?"