Kopo la Meno

Mama hupasua kokoto Kunduchi Mtongani
tangu mimi sijaota jino la kwanza.
Nyundo yake imebadilishwa mpini sijui mara ngapi,
na gumba lake la kushoto halina ukucha.

Mwaka juzi, jiwe lilipopasuka,
kikadondoka kitu cha rangi ya ganda la tende,
kipana kama kiganja, chenye pembe tatu,
ukingoni kina vijino vyake, kama kisu cha mkate.
Akakifuta kwa khanga. Akakipitishia kidole.
Kikamkata.

"Hili jino," alisema, ananyonya damu,
"na mwenyewe bado hajaacha kuuma."

Mwalimu Mbonde wa sekondari akaja kuliona.
Papa, alisema. Wa zamani kabla ya zamani,
mrefu kuliko lori la mchanga la tairi kumi,
alipita hapa hapa, machimbo yakiwa bado maji.
Papa hana mfupa, ni gegedu tupu
kama ncha ya pua yako;
akifa, bahari humla wote, isipokuwa kinywa.

Mama akafikiri, nyundo mapajani.
"Basi ni ndugu yake ulimi.
Ulimi hauna mfupa, husaza maneno.
Huyu kasaza meno."

Tangu siku hiyo hupasua akitazama.
Ndoo zimepungua, kopo la maziwa ya unga linajaa:
madogo kama punje za mahindi,
marefu kama sindano ya magunia,
moja limevunjika nusu, nusu ya pili hajaipata,
na hilo ndilo analolitaja akiota.

Mimi ninafanya kazi Mwananyamala, chumba cha meno.
Ninaosha koleo, ninazitia mvukeni.
Kila jioni ninabeba ndoo ndogo kwenda tanuruni
na hakuna aliyewahi kurudi kuuliza lake.
Manne ya Mama yalipita humo.
Siku moja nikamkuta mbele ya kipande cha kioo
anajaribu papa kwenye pengo la juu,
anacheka mpaka anakohoa:
"Jino la pembe si dawa ya pengo.
Na la jiwe je? Hawakusema!"

Msidhani mama yangu ni mtakatifu.
Alikuja kijana wa Masaki, Ferouz, gari jeupe,
akaweka elfu hamsini kwa moja kubwa.
Mama akahesabu kwa ndoo: ndoo mia.
Akauza. Akauza na mengine mawili,
akaezeka bati upande wa jiko,
wala hakuyalilia.

Anayoyalilia ni yale asiyoyaona.
Miaka ishirini na saba alipiga bila kutazama,
na malori yakabeba, Sinza, Kariakoo, Mbezi,
yakachanganywa na saruji, yakapanda juu.
Alipokuja kliniki nimpime presha
aliuweka mkono ukutani, akautuliza hapo
kama anayepima homa ya mtoto.
"Hii kokoto ni ya kwetu," akasema.
Daktari akadhani anaweweseka.

Juzi Mwinshehe, mwanangu, kang'oka la mbele.
Akalirusha juu ya bati jipya la jiko,
likagonga, likaviringika, likatulia.
Akaomba jipya, jeupe, lenye nguvu.
Kisha akalitazama kopo.
"Bibi, la huyu naye tulimrushie?"

"Huyu hakuwahi kuomba," Mama akamwambia.
"Likimtoka moja, jingine liko nyuma yake
limeshapanga foleni. Maisha yake yote hivyo.
Wewe omba. Una nafasi moja tu."

Akainuka, akarudi shimoni.
Tukasikia nyundo: ko, ko, ko,
ko, ko,
halafu kimya.

Mwinshehe akaniangalia.
Ama kapata jino,
ama kapiga gumba la pili.
Tulikuwa tumeshaanza kukimbia.